Mluzi kwenye Matete

Kwenye karatasi, hifadhi ya ndege ya bondeni Kinyerezi ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, Bwana Theonest, mlinzi. Kaka yangu Albano hakuandikwa popote. Alijificha kwenye matete na kupiga mluzi, ndege wakamjibu na kusogea, wageni wakawaona bila kuhangaika. Mie nilikaa getini. Wageni wakifika niligonga debe mara mbili, naye akaanza.

Mwaka themanini na tatu ukaja msako. Asiye na kitambulisho cha kazi, wala mume mwenye nacho, alipakiwa kwenye lori akalime kijijini. Rosalia, mke wa Albano, alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, hawezi hata kuteka maji.

"Ukiona mgambo, Adelina, usigonge," Albano aliniambia. "Nitakaa humo humo majini mpaka waondoke."

"Nikikosea je?"

"Utakoseaje? Mgambo ana rungu, mgeni ana darubini. Hata wewe uliyeishia darasa la tatu utawajua." Akacheka.

Jumamosi wakaja wanaume wawili, mashati yamepigwa pasi, mmoja ana darubini shingoni.

"Za kazi, dada? Tumekuja kuona ndege."

Huwa naona haya kumtazama mtu usoni. Nilitazama darubini. Nikagonga.

Mluzi ukasikika. Yule mtu hata hakuinua darubini yake. "Yupo pale," alimwambia mwenzake. Wakakunja suruali, wakaingia majini. Yangeyange wote wakaruka.

Walimtoa Albano ameloa mpaka kifuani.

"Nafanya kazi hapa! Muulizeni Bwana Theonest!"

Theonest alikuwa amemweka bila kibali cha wakubwa. "Hapa nafanya kazi peke yangu," alisema.

Yule wa darubini akanigeukia. "Na wewe? Kitambulisho?"

Nilifungua mdomo niseme huyo ni kaka yangu. Albano akaniwahi.

"Mwacheni huyo. Ni mke wa mlinzi."

Akamkazia macho Theonest. Theonest akaja kusimama kando yangu.

"Ndiyo," alisema. "Mke wangu."

Nikafunga mdomo. Walimpandisha Albano kwenye lori na nguo zake mbichi, na sikumpungia hata mkono, maana mke wa mlinzi angempungia kwa lipi?

Nikaenda nyumbani. Rosalia alisikia mlango, akadhani ni mumewe.

"Leo umewahi," aliita kutoka kitandani. "Hebu njoo unisugue miguu."