Mvuke Mkavu

Ilibaki saini moja tu. Alwin Tebbe alikuwa amechochea moto kwenye magarimoshi kwa miaka kumi na mmoja, na mgongo ulikuwa umeanza kumlilia kila asubuhi anapoinama kufunga viatu. Sasa fomu ya kuombea mtihani wa udereva ilikuwa mfukoni mwake, na ilitaka saini ya dereva anayefanya naye kazi. Bila saini hakuna mtihani, na bila mtihani ni koleo na makaa mpaka kaburini. Dereva mwenyewe alikuwa Harm Drewes.

"Tukifika Lindenrode nitakusainia," Drewes alimwambia asubuhi hiyo, mdomo umejaa mkate mweusi na soseji. "Ila usinifundishe kazi njiani, msomi. Leo sina masikio ya mihadhara."

Alimwita msomi kwa sababu Alwin alihudhuria masomo ya jioni ya wafanyakazi wa reli, mahali ambapo Drewes aliapa hatakanyaga hata kwa kuburutwa.

Drewes hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametumikia miaka ishirini na minane kwenye vichwa vya treni vya zamani, na huko alishika amri moja: maji yajae kwenye kioo cha kupimia maji ya tangi. Aliwahi kuwa na rafiki aliyeacha maji yapungue mpaka bati la juu ya moto likabaki kavu. Tangi lilipasuka, na Drewes alikuwa mmoja wa waliokwenda kumwokota rafiki huyo katika shamba la viazi. Mtu aliyebeba mzigo kama ule, kumcheka woga wake ni dhambi.

Lakini mzoea punda hapandi farasi, na P nane, kichwa kipya cha treni walichopewa, ilikuwa farasi. Ilibuniwa Berlin miaka michache tu kabla ya mwaka huo wa 1909: magurudumu sita makubwa yaliyofungwa pamoja, silinda mbili tu, na chumba cha dereva kilichochongwa ncha mbele ili kipasue upepo. Waliotaka iundwe waliiwazia kilomita mia na kumi kwa saa. Ilipofika huko ikatikisika mpaka wanaume wazima wakashikilia kofia na meno, ikabidi waipunguzie. Ajabu yake hasa haikuwa mwendo. Mvuke wake, kabla ya kufika kwenye silinda, ulipitishwa kwanza katika mabomba membamba ndani ya moto, ukakaushwa, ukapata moto wa kutisha. Kwa hiyo ilikula makaa machache na kuvuta mabehewa mengi. Sharti lake lilikuwa moja: maji yakae nusu ya kioo. Yakijaa sana yatachukuliwa na mvuke hadi ndani ya yale mabomba, na mabomba hayana mlango wa kuyatoa.

Drewes alikuwa amesomewa sharti hilo mara tatu, akaitikia kwa kichwa mara tatu, kisha akajaza maji kama kawaida yake.

Walipovuka kilima cha mwisho kabla ya Lindenrode, kioo kilikuwa kimejaa mpaka juu. Nyuma yao walivuta mabehewa manane na abiria mia tatu wa siku ya soko. Alwin aliona matone yakimpiga kwenye mkono. Alitazama mbinguni: jua. Alitazama bomba la moshi, akajua mvua ile inatoka wapi.

"Mzee Drewes, inatema maji."

"Iteme. Mate hayaui mtu."

"Maji yameingia kwenye mabomba ya kukausha. Funga pampu ya maji basi, angalau."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Drewes alisema bila kugeuka. "Nilishawahi kumzika mtu kwa maji machache. Wewe umemzika nani kwa maji mengi?"

Alwin alirudi kwenye koleo lake. Alijiambia kwamba dereva ndiye dereva, kwamba upande wa kulia wa chumba kile ni wa Drewes na wa kushoto ni wake, na kwamba mchochea moto hagusi kitu upande wa kulia bila kuamriwa. Ndivyo walivyolelewa wote. Aliyevunja mwiko huo hakupata tena dereva wa kumchukua, seuze wa kumsainia. Alijiambia hayo yote, na aliona aibu kwa sababu alijua kwamba anaogopa.

Njia ilianza kuteremka kuelekea mjini. Lindenrode ni stesheni ya mwisho wa reli: njia zinaingia chini ya paa na kukomea kwenye vizuizi vya mbao na chuma, na nyuma ya vizuizi kuna ukumbi wa watu. Drewes alisukuma mkono wa mvuke, ule wenzo unaoruhusu mvuke kutoka kwenye tangi, mpaka ukafungwa, akagusa breki kidogo na kuiachia, akajinyoosha masharubu. Kwa kawaida alikuwa akiingiza treni pale kwa ulaini hata kikombe cha kahawa kisimwagike.

Treni haikupunguza mwendo.

Alwin alisikia kwanza kwa miguu. Sakafu ilikuwa bado inasukuma. Pu, pu, pu, bomba la moshi lilipumua kama vile mkono wa mvuke uko wazi.

"Nimefunga," alisema Drewes.

Pu, pu, pu.

"Nimefunga mimi! Umekwama huu!" Akaudaka mkono wa mvuke kwa mikono miwili, akausukuma kwa kifua, uso umemwiva. Mkono haukuwa umekwama. Ulikuwa umefungwa barabara tangu mwanzo, na ndiyo sababu haukusogea. Mvuke ulikuwa unazaliwa mbele yake, kutoka kwenye maji aliyoyalundika ndani ya mabomba ya moto. Lakini mikono yote miwili ya Drewes ilikuwa pale, na kwenye breki hapakuwa na mkono wa mtu.

"Breki, mzee! Achana nao, shika breki!"

"Umekwama, nakwambia! Nipe nyundo!"

Paa la stesheni liliwafunika. Wanawake wenye vikapu walikuwa wamejipanga ukingoni, na mpagazi mmoja alikuwa tayari ameanza kurudi nyuma.

Alwin alivuka. Alipita chini ya kwapa la Drewes, akafunga breki yote mpaka mwisho, akageuza gurudumu la mwelekeo, la kwenda mbele au nyuma, likakaa katikati, nguvu ya mvuke isipate pa kwenda, akapiga teke wenzo wa kumwaga maji ya silinda. Maji yanayochemka yalilipuka pande zote mbili. Watu walipiga mayowe. Drewes alimpiga kiwiko cha shavu, kwa mazoea tu, kama mtu anayemfukuza mwizi, na Alwin hakuachia. Chuma kilililia chuma. Kizuizi kilikuja, kikakua, kikasimama.

Nafasi iliyobaki ingetosha kupitisha kiti.

Mkaguzi Kuhlmeier aliwafikia akikimbia, tumbo mbele. Alitazama ile nafasi ya kiti, akachungulia lile gurudumu chumbani, akawatazama wao.

"Nani aligeuza gurudumu katikati?"

Mvuke ulikuwa bado unafoka. Drewes aliweka kofia yake sawa.

"Mimi," alisema.

"Hongera, bwana Drewes! Huo ndio udereva. Jumatatu utakuja uwaeleze vijana wangu unavyokiendesha kichwa hiki."

Drewes alimkonyeza Alwin na kunyoosha kiganja: lete fomu. Alwin aliielewa biashara ile. Saini ilikuwa tayari, ya wino halisi. Kisha akawaza ile Jumatatu, madereva ishirini wakifundishwa kujaza maji, akaiacha fomu mfukoni.

"Ni mimi niliyegusa," alisema. "Bila amri. Maji yalijaa kwenye mabomba, naye alikuwa ameshika mkono uliokwisha fungwa."

Kuhlmeier aliwatazama kwa zamu. "Tebbe, unajua unachokisema? Mtihani hutauona mwaka huu."

"Najua."

"Bwana Drewes?"

Drewes alishuka ngazi polepole, kama aliyezeeka njiani. Alikaa kwenye kikapu cha mtu.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Naogopa maji machache, Kuhlmeier. Kila siku naogopa."

"Basi nyote wawili nawasimamisha kazi!" Mkaguzi alitoa saa. Kichwa cha karakana kilikuwa kimeshavuta yale mabehewa nyuma, na treni nyingine ilikuwa inapiga honi nje ikingoja njia hiyo hiyo. "Na kichwa hiki nani atakiondoa hapa?"

Honi ililia tena.

"Huyo," Drewes alisema, bila kuinua macho. "Mimi najua kukipeleka. Yeye ndiye anayejua kukisimamisha."

Kuhlmeier alifunga saa yake, akatazama pembeni. Alwin akaketi upande wa kulia.