Kumi na Tatu au Kumi na Nne

…na mkono umeshaanza kufa ganzi, ilianzia vidoleni, ikaja kiganjani, sasa inateremka taratibu kwenye kiwiko, na hana wa kumlaumu ila nafsi yake, maana ni yeye, Mama Mashimo, aliyewatungia sheria hii mwaka jana, kwamba kura ya mikono ihesabiwe na watu wawili, mmoja aanzie mlangoni mwingine aanzie dirishani, na hesabu zisipolingana mtu asishushe mkono, akaitetea kwa maneno matamu, akaichorea na mchoro ubaoni, wenzake wakapiga makofi, na leo haohao wanamtazama kwa jicho la pembeni, mkono juu, shingo upande, na yote haya kwa ajili ya nini, chai, idara nzima ya fizikia imekaa tangu saa nne asubuhi kuamua kama mchango wa chai uwe sawa kwa kila kichwa au kila mtu atoe kulingana na mshahara wake, wenyewe wanaita mchango, wee, hiyo ni kodi, kodi ni kodi hata ikiwa ya majani na sukari, na kodi anaijua, ameshaiandikia makala mbili na uthibitisho wa kurasa tisa kwamba watu wakipigia kura kodi anayeamua si tajiri wala maskini bali yule aliyekaa katikati kabisa, na katikati ya chumba hiki amekaa fundi wa maabara, mtu wa vikombe sita kwa siku, kanyoosha mkono huku ameuegemeza kwenye kabati, mjanja huyo… "Kumi na tatu," anasema katibu kutoka mlangoni, "Kumi na nne," anasema mkuu wa idara kutoka dirishani, wanatazamana, mkuu anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena kana kwamba mkono wa kumi na nne ulikuwa vumbi, "Jamani, msishushe, tunarudia," haya, tunarudia, na simu ipo mapajani, nyeusi, kimya, ndani yake barua aliyoiandika jana na hajaituma, akiinamisha kichwa kidogo tu anaiona, Mwalimu, shikamoo, nimejaribu kila njia, hazilingani, naomba tuiondoe kazi yetu, maneno kumi yamemchukua jioni nzima, na ameahidi kwamba kabla ya saa sita mchana wa leo Mwalimu atakuwa na jibu, liwe zuri liwe baya.

Watu humwuliza, wewe mama, mara mashimo meusi, mara kura na kodi, mguu mmoja huku mmoja kule, utachanika, na mumewe anawaambia wageni kwamba mke wake ana nyumba mbili na yeye hajui analala ipi, anacheka, anacheka hadi anakohoa, lakini kwake yeye ni kazi ileile moja, sanduku la kura likishafungwa unajua jumla tu, nani kamchagua nani hujui, na shimo jeusi vilevile, ukiwa nje unajua uzito wake, chaji yake, mzunguko wake, basi, ndani limepangikaje hujui, unachoweza kuuliza ni namna ngapi lingeweza kupangika bila wewe wa nje kushtuka, na hilo ndilo swali lililomwoa miaka yote hii kabla hata mume hajaja… hesabu ya katibu imefika kiti cha tano, anahesabu kwa midomo… na swali hilo lina njia mbili za kulijibu, ya kwanza unapima ukingo wa shimo, eneo lake pamoja na marekebisho yake madogo madogo, eneo linakupa idadi, ya pili unapunguza nguvu ya mvutano mpaka ikaribie sifuri, shimo linafunguka lote kama redio iliyofunguliwa na fundi, nyuzi huku, vipande kule, unahesabu mpangilio mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu, miaka thelathini iliyopita, alisimama mbele ya wakubwa wa fani akasema kwamba katika supagraviti, ile nadharia ambayo kila chembe ina mwenzake, kwa mashimo yale yaliyotulia yasiyovuja chochote, njia hizi mbili lazima zilingane, si takriban, zilingane mpaka moja ya mwisho, wakamcheka, mmoja akamwambia hiyo ni dua si fizikia, naye akarudi nyumbani akafundisha, akafundisha, akafundisha, na mwanafunzi wake wa mwisho ni huyu hapa mwenye mkono wa ganzi, ambaye hesabu zake ndizo zinakwenda kumzika. Sasa Mwalimu ana miaka themanini na moja na macho yamekwisha, binti yake ndiye anayemsomea na kumwandikia ujumbe, na wiki iliyopita kwenye simu alimwambia, "Mwanangu, kama nilikosea niambie mwenyewe, nisije nikasikia kwa watu," akacheka, alicheka kweli, ndiyo maana ikauma.

"Kumi na tatu." "Kumi na nne, katibu, angalia vizuri." "Nimeangalia, mkuu." Duh, na haya ndiyo mambo yake ya miezi minane, hesabu ya vipande inakuja kubwa kuliko hesabu ya ukingo, na si kwa ovyo, ingekuwa kwa ovyo angelala usingizi, ukigawanya moja kwa nyingine yanabaki mabaki yaleyale kila mara, moja, nne, kumi na nne, arobaini, mia na tano, ameyaimba akiosha vyombo mpaka mumewe akauliza kama ni namba za bahati nasibu ili na yeye akajaribu, na tangu mwanzo namba hizo zilinukia kitu, zilinukia kuyumba, ile redio iliyofunguliwa kabla hujaigeuza shimo inaweza kuyumba yote kwa pamoja, nzima nzima, kwa pande nne, sawa, lakini kuyumba ni kwa shimo, si kwa jirani, basi lazima kuwepo kwenye hesabu zote mbili, akaenda kutafuta kuyumba huko kwenye ukingo, marekebisho ya kwanza, ya pili, ya tatu, kurasa mia mbili, hakukuona, akasema ukingo umepoteza kitu, au Mwalimu amekosea… mkuu wa idara naye anatafuta, anainama, anachungulia nyuma ya kabati kama mkono wa mtu unaweza kujificha peke yake, na katibu kasimama palepale mlangoni, mwembamba, kalamu mkono wa kushoto anaonyeshea viti, moja, mbili, tatu, na mkono wa kulia… ebo, mkono wa kulia uko juu. Yuko juu na yeye. Amepiga kura, si mshahara wake ndio mdogo kuliko yote humu ndani, anahesabu wenzake wote kwa kushoto na kulia kumenyooka kuelekea darini, na hajihesabu, nani hujihesabu, na mkuu kutoka dirishani anauona mkono huo pamoja na mingine, kumi na nne, heee, na yeye hapo hapo akafungua mdomo aseme, katibu, jihesabu baba, tushushe mikono tukanywe hiyo chai, mdomo umefunguka, neno limefika kwenye ulimi, likagoma.

Ngoja. Ngoja kwanza. Hakuna aliyekosea hapa. Katibu amehesabu waliokaa ndani ya viti vyake, kumi na tatu, sahihi, mkuu amehesabu kila mkono uliopo, wa kwenye viti na wa mlangoni, kumi na nne, sahihi pia, wamehesabu vitu viwili tofauti wakavipa jina moja, na huyu mzee wa watu anachungulia nyuma ya kabati kutafuta kitu ambacho hakijapotea, kama vile yeye, ewe mama, miezi minane unachungulia nyuma ya kabati, ukingo haukupoteza kitu, ukingo unahesabu kilicho ndani yake tu, na kuyumba hakumo ndani, kuyumba kumesimama mlangoni, nje ya ukingo, na haya si matumaini, anayo, ameyaandika, miaka miwili iliyopita kwenye daftari la kijani alipokuwa anabishana na mtu kuhusu jambo jingine kabisa, alilifuata wimbi la kuyumba hatua kwa hatua mvutano ukirudishwa, likafifia kabla ya kugusa ukingo, akaandika neno haliingii, akalipigia mstari mara mbili, akafunga daftari akaenda kupika, mjinga wa kutupwa, mjinga mtamu… basi liondoe, ligawanye litoke, kinachobaki ni ndani kwa ndani, lakini je mabaki ni kuyumba na hakuna kingine, ahesabu, ahesabu sasa hivi, pande nne, hatua ya kwanza nne, hatua ya pili nne na kumi, kumi na nne, ya tatu nne na kumi na sita na ishirini, arobaini, sawa, ya nne, hapo kwa njia hii ya kuyumba hakuwahi kufika, taratibu, nne, na kumi na sita, ishirini, na kumi, thelathini, na arobaini, sabini, na thelathini na tano… mia na tano. Mia na tano! Haikubaki hata moja. Zinalingana, zimelingana siku zote, zililingana siku ile wakubwa walipocheka, zililingana jana jioni alipokuwa anaandika barua ya msiba, na furaha inampanda kutoka tumboni, kubwa, ya kijinga, anataka kusimama juu ya kiti, anataka kumkumbatia katibu na kalamu yake, na hawezi kusema kitu kwa sababu akisema tu katibu jihesabu watashusha mikono, watapiga kelele za vikombe, na yeye anataka kukaa hapa kidogo tu na jambo hili kabla halijawa la watu wote, mnisamehe jamani, vumilieni, dakika moja. Kidole gumba cha kushoto kinaifuta barua, nimejaribu imekwenda, hazilingani imekwenda, kinaandika upya kwa kubahatisha herufi, Mwalimu, zimelingana mpaka moja ya mwisho, kinatuma. "Mara ya mwisho sasa," anasema mkuu, na wanaanza upya, mmoja mlangoni mmoja dirishani, wamefika kiti cha saba au cha nane simu ikatetemeka mapajani, ni maandishi ya binti wa Mwalimu, Baba anasema usimpe kwa kifupi, anza mwanzo, mstari kwa mstari, ana siku nzima. Akaisoma mara mbili, mara ya pili herufi zikawa ukungu, machozi yakateremka mpaka kidevuni bila kuomba ruhusa, na mkuu wa idara aliyekuwa amefika mbele yake akasita, akamtazama mkono, akamwambia kwa upole, "Pole mama, tunamalizia sasa hivi."