Mzigo Usioshuka

Jumanne asubuhi, saa mbili na robo, fundi springi alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya Bosi, futi mkononi, akipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Mbele sentimita hamsini na tano. Nyuma thelathini na nane. Akapima tena, maana hakuwahi kuamini kipimo cha kwanza, hata cha suruali yake mwenyewe. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Kipimo, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, halina kazi.

"Imekalia matako," alisema akijikokota kutoka uvunguni. "Nyuma umepakia nini, Bosi?"

"Watu."

Kipimo akajikung'uta vumbi, akachungulia. Walikuwa wanne, wamekaa sakafuni kwenye bodi ya nyuma: wanaume watatu na bibi mmoja mwenye kiatu kimoja. Kifua cha mwanamume wa kwanza kilikuwa kimebonyea kwa umbo kamili la ngao, yaani yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya gari. Hawakuwa wakipumua, lakini walikuwa na adabu zao.

"Shikamoo, bibi," alisema Kipimo.

"Marahaba, mwanangu. Pima vizuri, gari hili linaturusha kama mahindi kwenye ungo."

Kila mtu mtaani alijua walikotoka. Bosi alikuwa amenunua kiwanja chenye watu ndani yake, watu wakagoma kuhama, basi akawa anawahamisha kwa pikapu, dereva akikanyaga mafuta na yeye akiwa pembeni akielekeza kwa kidole. Aliyegongwa alizikwa kama kawaida, na kesho yake asubuhi alikutwa nyuma ya gari, ameshakaa. Polisi walikuja mara moja. Waliwahesabu, wakaandika kwamba gari limezidisha abiria, wakaenda zao.

"Na hawashuki?" aliuliza Kipimo.

"Hawashuki. Nimepeleka gari kuoshwa, wameoshwa na wao. Nimeliingiza mtoni mpaka maji yakafika kwenye vioo. Lile bomba la hewa ulilonifungia hadi juu ya paa limefanya kazi safi kabisa, injini haikukohoa. Lakini wao walikaa tu."

"Maji yalikuwa ya baridi," alisema bibi.

Sasa, springi haifungwi kwa ajili ya gari, hufungwa kwa ajili ya mzigo. Kabla hajagusa nati, fundi springi yeyote anayejiheshimu huuliza swali moja: mzigo usioshuka ni kiasi gani? Mwenye gari la maji atataja tangi lake, mwenye gari la kuvuta magari mabovu atataja winchi. Ukikosea hapo, gari likiwa tupu linaruka kama mbuzi, na likijaa linalala. Kipimo akauliza kama alivyofundishwa.

"Kwa sasa wanne," alisema Bosi. "Wewe funga ya kumi na wawili."

Fundi mwingine angeuliza wale wanane wengine ni akina nani. Kipimo aliuliza ni kilo ngapi.

Akaongeza mabapa matatu ya chuma kila springi, akabadilisha shokomzoba akaweka nene, akainua bodi na kuvalisha matairi yenye meno makubwa. Bosi akataka na ngao iongezwe bomba la pili kwa juu, ile ya zamani imeanza kupinda. Kipimo akachomelea bomba, akalipiga msasa pembeni lisije likachana nguo za mtu. Alikuwa fundi mstaarabu.

Ijumaa ya wiki iliyofuata pikapu ikarudi. Nyuma walikuwa kumi na mmoja, na wa mwisho, kwenye kona karibu na tairi la akiba, alikuwa dada yake.

Walikuwa wamemzika Jumatano. Kipimo alishika sepetu mwenyewe, na watoto wawili wa dada aliwachukua kwake siku hiyohiyo. Kwa hiyo hakushtuka kumwona. Kilichomkera ni ile kona, maana kona hiyo ndiyo hurusha kuliko zote.

"Watoto wamekula?" aliuliza dada.

"Wamekula. Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakunja mashati ya mtumba mezani pangu, pale kiwanjani. Nikasikia honi. Nikasema, anipishe yeye, mimi nina meza. Hakunipisha." Akafunua blauzi, akaingiza kiganja chote katikati ya mbavu, kikazama hadi kifundo. "Bomba la chini lilivunja magoti. La juu ndilo lililoingia hapa. Lile la juu kalichomelea nani?"

"Mimi."

"Nilijua. Halikupinda hata kidogo." Akafunika blauzi. "Haya, sasa nishushe, mdogo wangu. Nina watoto pale kwako."

Kipimo akamshika kwapani, akavuta. Ilikuwa kama kuvuta injini kwa mikono. Akamfunga mkanda kiunoni, akaunganisha na winchi ya karakana, akabonyeza. Pikapu nzima ikaburuzwa nyumanyuma mpaka ikagonga ukuta, na dada hakusogea kwenye kona yake. Mwisho akachukua grenda, akaanza kukata sakafu ya bodi kumzunguka, kama mtu anayekata kipande cha keki.

Alikuwa amekata pande mbili dereva alipomwona. Dereva alichukua mkono wa jeki.

"Mpige wa kushoto," alisema Bosi kutoka kivulini, "wa kulia una kazi yangu."

Dereva alimpiga mara tisa. Wale wa nyuma walihesabu kwa sauti, hawakuwa na shughuli nyingine. Pigo la tatu lilivunja vidole viwili, la sita likang'oa jino ambalo liliruka hadi kwenye kopo la grisi. La tisa halikuhitajika, hata Bosi alisema hivyo. Kisha Kipimo akapewa kitambaa cha kufutia oili ajifute damu, akaambiwa aichomelee tena ile sakafu.

Aliichomelea kwa mkono mmoja. Alipomaliza, akaenda kwenye gurudumu la mbele, akafungua nati zote sita, akazirudisha kwa vidole tu.

"Kaza hizo," alisema dada kutoka juu.

"Nimekaza."

"Umeanza lini kunidanganya?"

Gurudumu lilichomoka siku hiyohiyo kwenye mteremko. Pikapu ilibiringika mara tatu. Dereva alitoka kupitia kioo cha mbele, kichwa kikatangulia na shingo ikabaki nyuma kidogo. Bosi alifunguliwa mlango na wapita njia, akapatiwa plasta moja juu ya nyusi.

Jumatatu gari likavutwa hadi karakana. Nyuma, katikati ya dada na bibi, dereva alikuwa amekaa kichwa chake mapajani.

"Habari ya kazi, fundi," alisema kwa upole ambao hakuwa nao siku zote alizokuwa mzima.

"Mdogo wangu," alisema dada, "nilikwambia unishushe mimi. Nilikwambia umpandishe huyu? Tazama anavyonibana."

"Nilimtaka yule mwingine."

"Yule mwingine alikuwa amefunga mkanda."

Bosi akazunguka gari, akaupigapiga ubavu kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe. "Barabara mbovu zinalegeza nati," alisema. "Lakini springi zako zimesimama, nimefurahi. Wamefika kumi na wawili sasa. Ongeza bapa."

Kipimo akatazama juu kwa dada yake.

"Ongeza tu," alisema dada. "Na kama hatushuki, basi tuwekee pa kushika. Tulipopinduka nilimwangukia bibi wa watu."

Siku mbili nzima Kipimo alichomelea vishikio. Alimpima kila mmoja urefu wa mkono. Cha bibi akakishusha kwa sababu ya bega lake, cha dereva akakiweka upande mmoja ili mkono wa pili ushike kichwa. Cha dada alikivisha mpira, alikipima mara nne. Bosi alipokuja akakivuta kimoja kwa nguvu zake zote, kikakataa.

"Safi," alisema. "Nitakuletea na lile gari lingine."

Alilileta Alhamisi, jipya, nyuma tupu, plastiki bado kwenye viti. Kipimo akauliza mzigo usioshuka. Bosi akasema ishirini. Kipimo akawasha mashine ya kuchomelea, ikaanza kutoa cheche.

Siku hizi pikapu ya kwanza hupita mlangoni kwake kila asubuhi, saa moja kasoro, ikielekea kiwanjani. Watoto wawili hutoka mbio kuifuata, madaftari kwapani, wakimweleza mama yao habari za shule kwa kupiga kelele, naye huwajibu kutoka juu, ameshika kishikio chake. Dereva mpya hapunguzi mwendo.

"Kando, wanangu," huwaambia. "Kimbieni kando. Mbele msipite."