Mkono Uliopanda Mchikichi

Watu wa Nchelenge, kando ya ziwa, walikuwa na mzaha wao: Olipa akidondosha kijiti njiani asubuhi, jioni akirudi atapumzika kwenye kivuli chake. Ulikuwa mzaha wenye wivu kidogo. Lupango lake, ndivyo pale wanavyouita ua wa nyumba, lilikuwa na migomba nyuma ya jiko, mipapai mitatu, mpera, mlimau, na safu ya mananasi iliyozuia kuku kuliko uzio wowote. Wenzake walitupa matumbo ya samaki ufukweni. Yeye aliyabeba kwa beseni na kuyafukia futi mbili chini ya migomba, ndani kiasi cha mbwa kukata tamaa. Mumewe Patson, mvuvi aliyeishi nusu ya mwaka kwenye kambi za Chisenga, alilalamika kwamba migomba ile inakula samaki wengi kuliko yeye.

Olipa alizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alikuja kuolewa na Kiswahili chake cha huko, na kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyemshinda kwa maneno, wote wakajikuta wanakisema. Jambo moja tu lilimkosesha raha: hakuwa na mchikichi. Mboga bila mawese aliiona ni adhabu, na mawese ya kununua aliyaona ni uvivu. Mwaka 1951 alivuka kwenda kumzika shangazi yake, akarudi na mche wa mchikichi ndani ya kopo, ameupakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Sasa, pande zote mbili za ziwa lile kila mtu anaijua sheria ya mchikichi. Aliyeuweka shimoni kwa mkono wake hufa mwaka mti unapozaa mara ya kwanza. Ndiyo maana hupandwa na wazee. Na mtu asidhani ataitoroka sheria kwa shoka, kwani ukiukata mti umemkata na aliyeupanda. Ushahidi haukukosekana. Mwansa wa Kafutuma aliukata mchikichi uliopandwa na mwanawe, na kijana akazama ziwani kabla makuti hayajakauka. Kwamba upepo wa juma lile ulizamisha mitumbwi minne, pamoja na watu ambao maishani mwao hawakugusa mche wa kitu chochote, hilo hakuna aliyelisimulia. Mchungaji alihubiri dhidi ya imani hiyo Jumapili mbili mfululizo. Waumini waliitikia amina, na hakuna kijana hata mmoja aliyekwenda kutafuta mche.

Olipa aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. Lakini shimo lilipokuwa tayari na kopo liko mkononi, mkono ulikataa. Mama mkwe wake, Kafula, aliyekuwa anamtazama kutoka barazani, alicheka mpaka akakohoa.

"Leta hapa," alisema. "Miye nilishakula chumvi ya kutosha. Siku itazaa, nitakuwa nilishachoka."

Akauweka mche shimoni, akakanyagia udongo, akaenda kunawa.

Miaka minne ikapita. Olipa aliupa mti ule majivu, maji ya kuoshea samaki, na nyasi kavu shinani wakati wa jua kali. Mchikichi ukakubali. Ulikuwa mfupi bado, lakini shina lilinenepa na miiba kwenye vikonyo vya makuti ikawa mirefu kama vidole. Watoto waliacha kucheza upande ule bila kukatazwa na mtu.

Januari ya 1956 alikuwa anasafisha shina alipoona kitu kilichochongoka katikati ya makuti, kimefungwa ndani ya ala ngumu. Lilikuwa ua la kwanza. Furaha ilimpanda, kisha ikamshuka yote. Alikuwa amemuua mama mkwe wake kwa tamaa ya mawese.

Siku ile alipika kambale mkubwa, akampelekea mzee sahani yeye mwenyewe, akapiga magoti. Kafula alielewa kabla ya neno la kwanza.

"Inatoa maua?"

"Njo vile, mama mukwe. Munisamehe."

"Nikusamehe ya nini? Nani alinikamata mukono?" Mzee alimega kipande cha samaki, lakini hakukila. "Miye sina woga."

Kipande akakirudisha sahanini. Febby, mtoto pekee wa Olipa, alikuwa pembeni anatwanga mihogo. Alikuwa na miaka kumi na kinywa cha mama yake.

"Bibi hakuipanda," alisema. "Ni miye njo niliipanda."

Mchi ukasimama. Olipa akamwuliza anasema nini.

"Ya bibi, mbuzi iliing'oa. Siku ya pili yake. Nilisahau kufunga mulango ya lupango, nikakuta muti iko chini, mizizi inje. Nikaogopa utanipiga. Nikairudisha mu shimo, nikakanyaga vile bibi alikanyaga." Alizitazama nyuso zao, akaona kuna kitu ameharibu. "Haikukufa, mama. Niliipanda muzuri."

Olipa alimgeukia mama mkwe wake, na alichokiona hakukisahau tena. Uso wa Kafula ulikuwa umelegea. Ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ulidumu pumzi moja tu kabla mzee hajaanza kulia, lakini Olipa aliuona na hakumsamehe.

Patson alirudi kutoka Chisenga Jumamosi, akaambiwa. Alicheka, akasema wao ni watu wa Yesu, akasali kwa sauti. Kisha akaenda kuutazama mti peke yake, na juma lile aliondoka kwenda kuvua mapema kuliko kawaida. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wapo wazazi wanaoukimbilia na wapo wanaoukimbia.

Olipa akabaki na hesabu yake. Akiukata mti, amemwua Febby leo. Akiuacha uzae, atamwua mwakani. Ulikuwepo mlango mmoja mwembamba: mti uishi, utoe maua, usizae kamwe. Akachukua kisu cha kuparia samaki, akaingiza mkono katikati ya miiba, akalikata ua. Siku ile nzima alimfuata binti yake kwa macho. Febby alikula, akaimba, akagombana na majirani, akalala salama. Juma lililofuata lilikuwepo ua jingine.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Kila Jumamosi Olipa aliukagua mchikichi, na kila asubuhi alimgusa Febby paji la uso kabla hajamsalimu. Alimkataza mtumbwi, akamkataza kuogelea, akamkataza kupanda mpera. Mwezi wa sita mtoto alipata kikohozi cha siku nne, na siku zote nne Olipa hakupika. Alisali pia, tena sana, lakini kisu hakukiweka chini. Wanawake kisimani waliuliza mikono yake imechanwa na nini, akasema ni mananasi.

Febby alikonda kwa kuchungwa. Mti haukukonda. Maua yalianza kuja mawili mawili, halafu matatu, na makuti mapya yalikuwa mapana na ya kijani kibichi kuliko ya zamani. Kuna asubuhi Olipa alisimama mbele yake na kuutukana matusi ya Kilwa yote aliyoyajua. Hakuna mmea uliowahi kumtii kwa furaha kama ule, na aliuchukia.

Novemba, mvua zilipoanza, akaja Rodwell, bwana shamba wa serikali, kukagua mashamba ya mihogo. Alikuwa kijana mwenye baiskeli na maneno mengi. Aliuona mchikichi akateremka hata kabla ya kubisha hodi.

"Bana Febby!" aliita, yaani mama Febby. "Nani alikufundisha hii kazi?"

"Kazi gani?"

"Ya kukata maua ya kwanza. Kule kwa mashamba makubwa ya bazungu, njo banafanya vile. Muti ukikosa kuzaa kwanza, nguvu yote inaingia mu shina na mu mizizi. Halafu siku unaanza, unazaa mpaka unalemewa." Akalipigapiga shina kama mtu anayenunua ng'ombe. "Huu uko tayari. Hata ukate namna gani, utakushinda. Mwaka unaokuja utakula mawese."

Alisimama akingoja kushukuriwa. Olipa aliona giza mchana. Miezi kumi yote alikuwa akiulisha. Kila ua aliloliondoa kwa damu ya mikono yake lilikuwa limeurudia mti likiwa nguvu, na nguvu hiyo ilikuwa na kazi moja tu ya kufanya.

"Na kama mutu anauhamisha?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa upole.

Rodwell akacheka. "Mukubwa hivi? Unaweza kufa, mama. Kama haukufa, unasahau kuzaa mwaka moja, pengine mbili. Unaanza upya, sawa na umepandwa leo."

"Sawa na umepandwa leo," alisema Olipa. Akamkatia kijana mkungu mzima wa ndizi, na Rodwell akaenda zake amefurahi.

Kesho yake alianza kuchimba. Hakumwita mtu, maana mkono mwingine ukigusa, kazi imeharibika. Alichimba shimo jipya hatua mbili kutoka lile la zamani, akachimba mfereji wa kuyaunganisha, kisha akauzunguka mti na jembe, mbali na shina, akilinda kila mzizi aliokutana nao. Makuti aliyafunga juu kwa kamba ya wavu. Donge la udongo alilivisha magunia yaliyoloweshwa. Siku ya tatu alileta upondo wa mtumbwi wa mumewe awe anausukuma mti nao kutoka chini.

Kafula alikuja akasimama kwenye ukingo wa shimo. Tangu Januari wawili hao walikuwa wakisemeshana kwa salamu tu.

"Na kama inakufa hapa katikati?" aliuliza. "Haiko mu shimo ya mutoto, haiko mu shimo yako. Itakuwa inakufa ya nani?"

Olipa alikuwa amelifikiria hilo siku tatu.

"Haitakufa," alisema, akaweka bega kwenye upondo.

Mti ulitikisika, ukainama, ukaanza kuteleza kwenye mfereji. Hapo Febby akatokea jikoni mbio, akaona mama yake anahangaika peke yake, akanyoosha mikono yote miwili kulishika shina. Olipa alimpiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu azaliwe, vitisho tu, na kofi lile lilimwangusha mtoto matopeni.

"Toka! Usiguse! Usiguse kabisa!"

Kisha akarudi kwenye upondo akiwa analia, akasukuma, na mchikichi ukaingia shimoni kwa kishindo kilichosikika miguuni. Akafukia. Akakanyaga pande zote, taratibu, bila kuacha mahali. Alipomaliza alimwita Febby, aliyekuwa bado amekaa matopeni ameshika shavu.

"Nani alipanda huu muti?"

"Ni miye, lakini mama..."

"Nani alipanda?"

Mtoto alimtazama bibi yake, akatazama udongo mbichi kwenye miguu ya mama yake.

"Ni mama."

"Mama mukwe, mumesikia?"

"Nilisikia," alisema Kafula. Akashuka na uzee wake mpaka matopeni, akapiga magoti mbele ya mke wa mwanawe, jambo ambalo halifanyiki, na Olipa hakuwa na nguvu ya kumwinua.

Makuti yakageuka manjano. Majuma matano Olipa aliumwagilia asubuhi na jioni, akaujengea kivuli cha matete, na kanisani alimwomba Mungu auponye mti. Mchungaji alidhani mgonjwa ni yeye. Baada ya Krismasi, katikati ya makuti yaliyokauka, ukachomoza ukuti mmoja mpya, umekunjwa, mgumu, wa kijani. Olipa aliketi chini palepale akacheka kwa sauti. Kafula alimsikia, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tangu siku ile Febby hakukatazwa tena kitu. Akapanda mpera, akaogelea, akanenepa. Ila kila alipotoka kucheza mama yake alimwita bustanini. Alimfundisha kuchagua chipukizi la mgomba la kubaki na la kung'oa. Alimfundisha kina cha kufukia matumbo ya samaki, namna ya kujua mpapai dume kabla haujala mbolea bure, namna ya kuosha mchwa kwenye mlimau kwa maji ya majivu. Alimfundisha kupika kwa watu wengi, na kumjibu baba yake akirudi na hasira. Kila funzo alitaka liishe ndani ya juma moja, na mtoto akichanganya alimrudisha mwanzo.

"Mama," Febby alisema siku moja, jasho likimtoka, panga zito mkononi, "wenzangu bote banacheza. Haraka ni ya nini?"

Olipa alitamani kumkumbatia. Lakini jua lilikuwa linashuka, na mgomba ule ulikuwa umekatwa juu mno.

"Kata tena," alisema. "Chini kidogo."