Rangi ya Chaki

Maabara ya shule yao, upande wa Igowole, ilikuwa na meza nne na madirisha mazuri, basi. Vifaa viliahidiwa kila mwaka. Mwaka ule wa 1979, vita vimekwisha na hata sabuni inatafutwa kwa tochi, Mwalimu Tupokigwe aliacha kuvingoja. Alichora bureti ubaoni, lile bomba refu la kioo la kupimia, akaitia koki, akachora chupa chini yake. Wanafunzi wa kidato cha nne walisimama wakafungua koki ya hewani kwa mkono wa kushoto na kutikisa chupa isiyokuwepo kwa mkono wa kulia, mpaka mikono ikazoea. Kisha akaipaka chupa ya ubaoni chaki ya waridi.

“Ikifika rangi hii,” aliwaambia, “funga, soma kipimo.”

Mtihani wa vitendo walipangiwa kuufanyia katika shule moja ya mjini Iringa. Walipanda lori la mbao kutoka Mafinga, likawashusha Ipogolo, wakaukwea mlima kwa miguu. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia, kwa hiyo Tupokigwe alibaki nje kwenye nyasi, karibu na madirisha.

Damari, binti aliyekuwa tegemeo lake, alipewa meza ya dirishani. Aliishika koki kama mtu aliyekua nayo, na moyo wa mwalimu ukatulia. Tone, tone, tone. Maji yakaingia uwaridi mwepesi sana, wa kukisia tu. Hapo ndipo pa kufunga; likizidi tone, kipimo kimeharibika. Damari aliinama, akatazama, akaongeza.

Alikuwa anaingoja rangi ya chaki.

Chuoni Tupokigwe aliiona rangi ya kweli kwa macho yake, lakini hakuwahi kuwaambia wanafunzi kuwa ni hafifu kiasi kile. Akiita, watafutiwa mtihani wote. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge huku chupa za watoto wake zikikolea moja baada ya nyingine.

Walitoka wakicheka.

“Imekuja vilevile, Mwalimu,” Damari alisema. “Za wanafunzi wa hapa zilikuwa kama maji tu. Tumewapita.”

Tupokigwe aliishusha ncha ya kitenge. Damari alimtazama usoni, na kicheko kikamwisha.

Mwalimu alimfuata msimamizi, mzee Marcelino, akamsihi watoto warudie hata mara moja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bahasha zimeshafungwa na chupa zimeshaoshwa. Tupokigwe akapiga magoti. Marcelino alimwinua taratibu, akamwomba asimfanyie hivyo, akaenda zake.

Waliteremka tena Ipogolo kwa miguu. Waliketi kando ya barabara kuu kungoja lori la kurudi. Tupokigwe alikwenda kukaa karibu na Damari. Msichana hakumwangalia wala hakumpisha, na mwalimu akakaa pale pale palipobaki, kwenye kokoto.