Dakika za Ziwa Muhazi

Fundi Shabani Gatera hakuwa mtu wa kukaa kitini. Karakana yake ilikuwa Muhima, mjini Kigali, kwenye mteremko wa kushukia Nyabugogo, na wateja walizoea kuzungumza naye akiwa mguu mmoja ndani, mwingine nje. Mwaka ule wa 1993 alizidi. Redio aliiwasha akaizima. Chai aliisahau mpaka ikapoa. Alitoka mlangoni kutazama barabara kama anayemngoja mgeni, akarudi, akatoka tena. Mji mzima ulikuwa hivyo hivyo: vizuizi vya askari barabarani, uvumi kila kona, watu wanaongea haraka kisha wananyamaza ghafla.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita pikapu ilisimama mlangoni pake. Akashuka mwanamke mwembamba aliyevaa sweta ya buluu. Aliitwa Umuhoza, mkunga wa zahanati iliyoko upande wa mashariki wa Ziwa Muhazi. Nyuma ya pikapu, juu ya magunia, ililazwa mashine ya boti ya nguvu za farasi arobaini.

"Fundi, ni wewe uliyeitengeneza hii mwaka wa tisini na moja?"

"Ni mimi, Madamu. Imekufa?"

"Haijafa. Inatembea kama imechoka."

Akaeleza. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa mbovu, kwa hiyo wajawazito wenye shida walipakiwa botini mpaka gati la magharibi, palipo na njia ya Kigali. Safari hiyo ya majini ilichukua saa moja na dakika kumi.

"Mwezi uliopita nilikuwa na mama mmoja," Umuhoza alisema. "Damu ilikataa kusimama. Alikata roho tukiwa tunaliona gati. Niliona hata rangi za nguo za watu waliosimama pale." Akaushika ukingo wa pikapu. "Nataka dakika arobaini, fundi."

Gatera akafungua kifuniko cha mashine. Kando ya kabureta ilikuwepo skrubu fupi ambayo haikutoka kiwandani. Aliiweka mwenyewe. Vita vilipoanza kule kaskazini petroli iliadimika, na kamati ya zahanati ilimwomba apunguze ulaji wa mafuta. Akaikaza skrubu ile ili mkono wa gesi, unaoongeza mwendo, usifunguke zaidi ya nusu. Akawaambia warudi aitoe siku mafuta yatakapopatikana. Kamati ikabadilika, yeye akasahau, na Umuhoza alihamia zahanati ile baadaye, bila kujua lolote.

Aliitoa skrubu, akaitia mfukoni. Umuhoza hakuiona.

Kwa siku nne hakutulia. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaweka sawa moto wake. Propela ilikuwa na mapanga matatu. Moja limepinda, mengine yametafunwa na mawe ya ufukweni. Aliyanyoosha juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, akayapiga tupa kingo zake mpaka yakalingana. Bado hakuridhika. Alikwenda mtaa wa Biryogo kwa muuza vipuri mmoja mzee, akarudi na propela nyingine ambayo mapanga yake yameinama zaidi. Ile ya zamani kila inapozunguka mara moja ilitakiwa kuisukuma boti mbele inchi kumi na moja. Hii mpya, inchi kumi na nne.

"Itaruka," alimwambia mkewe, akizunguka uani na propela mkononi. "Wallahi itaruka."

Njiani kwenda ziwani pamoja na Umuhoza, kizuizini, askari waliishusha mashine na kuipekua mpaka ndani ya tanki. Gatera alizungukazunguka gari, akajikuna shingo, hadi askari mmoja akamfokea asimame mahali pamoja.

Gatini magharibi aliwangoja dereva wa boti, Niyonzima, mwanamume mfupi asiye na papara. Wakaifunga mashine kwenye boti ya alumini, Gatera akapanda naye, Umuhoza akapanda nao, saa mkononi. Boti ikainua pua, ikakaa juu ya maji, ikaanza kukimbia. Upepo ulimtoa Gatera machozi. Walipogusa ufuko wa zahanati zilikuwa zimepita dakika thelathini na moja. Akapiga kelele kama mtoto.

Umuhoza hakupiga kelele. "Tulikuwa watatu na boti tupu," alisema. "Sasa nipakieni wagonjwa."

Wakaweka machela, magunia mawili ya maharage juu yake badala ya mgonjwa, madebe ya mafuta kwa nyuma kama kawaida, na wauguzi wawili kama ndugu wa mgonjwa. Niyonzima akafungua gesi yote. Boti ikainua pua juu, ikazamisha sehemu yake ya nyuma, na pua haikushuka tena. Mashine ilinguruma kwa sauti nzito, ikatapika moshi mweusi.

"Moteri iko nachoka, fundi," Niyonzima akasema. "Inabeba mlima."

"Ongeza!"

"Iko mwisho."

Gatera alihama kushoto, akahama kulia, akaenda nyuma kuitazama propela, na kila alipohama boti iliyumba. Walifika gatini kwa dakika hamsini na nane. Wauguzi walishuka wakinyoosha migongo. Hakuna aliyemtazama usoni.

Umuhoza akaketi juu ya jiwe. "Kitu kimoja sikielewi," alisema. "Leo, pamoja na tabu yote hii, tumekwenda haraka kuliko zamani. Kwa nini zamani ilikuwa vile?"

Gatera angeweza kutaja plagi. Angeweza kutaja uchafu. Akatoa ile skrubu mfukoni, akaiweka kiganjani mwa Umuhoza, akamweleza yote tangu siku kamati ilipomwita.

Mkunga akaigeuza kwa kidole. "Tangu Jumatatu ulikuwa nayo mfukoni."

"Ndiyo."

"Aliitwa Uwizeye, yule mama. Ana watoto wawili kule kilimani. Ulijue jina lake." Akairusha skrubu ziwani, akasimama, akafuta mikono kwenye sweta. "Sasa tengeneza boti yangu. Siyo boti ya kukimbia tupu. Boti yenye mtu ndani."

Aibu ilimfanya Gatera, kwa mara ya kwanza siku ile, afikiri kabla ya kushika spana. Propela ya inchi kumi na nne ilimpa mbio akiwa mwepesi. Kwa mzigo iliibana mashine isizunguke ipasavyo. Akaifungua, akarudisha ile ya zamani aliyoinyoosha, ambayo alikuja nayo. Akaipandisha mashine juu ya kipande cha ubao, kwa sababu ilikaa chini mno na mguu wake wenye propela ulikuwa ukiburuta maji bure. Akaisogeza pini inayopanga mwinamo wa mashine tundu moja, ili isukume pua ishuke. Madebe ya mafuta akayahamishia mbele.

Wakarudi zahanati na mzigo ule ule. Dakika arobaini na nne.

"Nilisema arobaini," Umuhoza alisema, lakini alimkaribisha chakula. Gatera akalala kule, maana barabara za Kigali zilikuwa zinafungwa mapema.

Alfajiri aliamshwa na vishindo vya miguu. Wanaume wanne walikuwa wameteremka kilimani na machela ya kusuka, na ndani yake mwanamke aitwaye Mukandekezi, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Dakika chache baadaye walikuwa majini.

"Fundi, wewe kaa mbele kabisa," Niyonzima alimwambia. "Mbele iko nyepesi. Na usitikisike. Ukitikisika, tunapoteza."

Gatera akaketi uso ukitazama nyuma, magoti yake karibu na kichwa cha Mukandekezi. Kila kiungo chake kilimwambia ainuke. Aliisikia mashine ikizunguka vizuri, lakini alitaka kwenda kuigusa, aijaribu pini, aone moshi. Mwanamke aliguna, akamshika kifundo cha mguu, akakibana mpaka kucha zikaingia ndani ya ngozi. Hakutikisika. Ziwa zima alilipita hivyo, amekaa kama mzigo. Mbele ya gati Umuhoza alitazama saa yake, akasema peke yake, "Arobaini na tatu."

Pikapu ikaondoka na wanawake wale wawili. Gatera akabaki gatini, mguu wenye alama za kucha ukimwuma.

Zilipita wiki mbili bila habari. Redio aliiwasha, akaizima. Kisha siku moja Umuhoza akaingia karakanani, akaketi kwenye kile kiti kisichokaliwa.

"Alipasuliwa. Yuko hai, na mtoto wa kike pia," alisema. Gatera akaegemea ukuta. "Lakini kizuizini walituweka dakika ishirini na tano. Walifungua mpaka kanga iliyomfunika. Dakika karibu zote ulizotuokolea ziwani, waliziramba barabarani."

Barabara haikuwa na kabureta ya kufungua. Gatera alitembea mpaka mlangoni, akatazama magari yanayopanda kutoka Nyabugogo, akarudi.

"Mashine inatoa moshi?"

"Kidogo, asubuhi."

"Nitakuja Alhamisi," alisema, akianza kuchagua spana. "Kuna dakika tatu bado zimo mle ndani. Nitazipata."