Chupa Iliyosimama

Asubuhi ya Jumatano Twaha aliinua ubao wa sakafu ya stoo yake, akaikuta chupa imesimama.

Hakuwa yeye aliyeisimamisha. Tangu aipokee, aliilaza ubavu katika shimo la mchanga baridi ili kizibo kisikauke, kama alivyoagizwa na mwenye chupa. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, na mchanga ulioizunguka ile chupa haukuwa na alama hata ya kidole. Ilisimama wima, shingo juu, kama mtu aliyeamshwa akakaa kungojea. Twaha alichutama akaitazama. Alijua maana yake. Mvinyo wa miaka mingi husimamishwa siku moja kabla ya kunywewa, mashapo yake yapate kushuka. Ndivyo alivyofundishwa.

Aliyemfundisha ni Sinyori Renato, Mtaliano aliyefika Mbinga serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi kuingia katika kahawa. Katarina, mwanamke Mmatengo, alimpikia. Twaha, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Kilwa, alimwandalia meza. Sinyori naye alijifunza kwa wenyeji. Huko Umatengoni aletaye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, aonyeshe kwamba hamna mauti ndani yake. Na aliyeonja ndiye mwenyeji, mgeni ni wake mpaka waagane. Jambo hilo lilimpendeza mno Mtaliano, akalifanya sheria ya meza yake. Basi kila chakula cha jioni Twaha alionja kwanza, na ulimi wake, Mungu amsamehe, ukazoea.

Chupa hii ndiyo iliyosalia. Ilikuwa Barolo, mvinyo wa milima ya kwao Renato, na baba yake aliiweka mwaka aliozaliwa mwanawe. "Umri wake ni umri wangu," alisema alipomkabidhi, siku aliyoshuka Mbamba Bay ili avuke ziwa kwenda Malawi. "Nikirudi, utanifungulia kwa mkono wako. Nawe utaonja kwanza."

Twaha aliapa. Boti ikazama kabla ya kufika ng'ambo. Wengine waliokotwa ufukoni wakazikwa; Sinyori hakuonekana. Misa yake ilisomwa Mbinga, na Katarina akaimba katika kwaya.

Baada ya hapo Twaha alitubu. Alihamia Mbamba Bay akafungua duka, akalisha masikini kuwa kafara ya kukivunja kiapo kile, na ulimi wake haukugusa tena kileo. Katarina naye alishuka kuuza usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, akapata chumba njia ya mlimani, akiishi peke yake. Lakini chupa, Twaha hakuimwaga wala hakumpa mtu. Amana ni amana, alijiambia, hata mwenyewe akiwa chini ya maji.

Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, kungu walipanda kutoka ziwani. Wadudu hao wadogo huinuka kwa wingi usiohesabika, na kusimama juu ya maji kama moshi wa moto usioonekana. Siku hiyo nguzo yao ilisogea mpaka nchi kavu. Jua likafifia, na watu wakafunga madirisha. Twaha alikuwa akikunja mswala barazani alipoona kwamba kiti cha wageni kina mtu.

"Ndevu zinakupendeza, Twaha," alisema aliyeketi. "Hukunitazamia?"

Alivaa suti ileile ya kitani aliyosafiri nayo. Maji yalimtiririka kutoka pindo za suruali yakafanya kidimbwi sakafuni, na kungu, waliotua kila mahali, hawakutua juu yake hata mmoja. Twaha alianza kusoma Ayatul Kursi, akakwama katikati, yeye aliyeihifadhi tangu utotoni. Mgeni alimngoja kwa adabu, kama angojeaye mwenzake amalize sala.

"Umeisimamisha?"

"Imesimama, Sinyori."

"Basi ilete. Usiitikise. Mimi nimechoka kwa safari, na yenyewe imechoka kwa kungoja."

Mikono ilikumbuka kile ambacho moyo ulikikana. Twaha alikata kifuniko cha madini ya risasi, akapangusa mdomo wa chupa, akazungusha kizibuo polepole. Kizibo kikatoka cheusi na laini mithili ya tende. Akawasha mshumaa, akauweka nyuma ya shingo ya chupa, akamimina katika jagi la kioo huku macho yake yakiufuata mwanga, na uzi wa kwanza wa mashapo ulipofika shingoni akaacha. Bilauri akaitia theluthi tu. Wekundu ulikwisha kuupa mkono wa buriani mvinyo ule: katikati ulikuwa rangi ya komamanga, pembeni rangi ya tofali lililonyeshewa. Harufu ikapanda, ya waridi lililokauka kitabuni, ya lami, ya ngozi, na ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Hiyo ya mwisho Twaha hakuikumbuka.

"Ukishafunguliwa, pumzi zake ni chache," alisema mgeni. "Onja."

"Nimetubu, Sinyori."

"Mkono wako haukutubu."

Twaha akautazama mkono wake wa kulia. Alijua kwamba anayemimina huandikiwa dhambi pamoja na anywaye. Alikwisha kulisikia hilo msikitini, na bado alikuwa amemimina.

"Kunywa uende kwa amani," alisema. "Hilo moja la kuonja nisamehe."

"Nitakunywaje kwa asiye mwenyeji wangu? Na nisipokunywa, nitakwenda wapi?" Mgeni aligeuza macho kuelekea chumba cha ndani, mahali ambapo Twaha alilala na kusali. "Nitakaa."

Hapo ndipo sauti ya Katarina iliposikika njiani. "Kaka Twaha, funga mlango, utameza kungu bila chumvi."

"Dada Katarina, hebu njoo."

Alipanda ngazi na beseni lake la usipa kichwani. Kiti hakukitazama. Aliitazama bilauri.

"Makubwa haya. Shehe na divai. Nimwite nani aje ashuhudie?"

"Ni ile ya Sinyori. Sitaki kuimwaga kabla haijaonjwa." Twaha alisikia maneno yakimtoka laini, yamepangika. "Nionjee. Kwako si haramu."

"Ala, kumbe mnatuwekea sisi kazi nzito." Alicheka, akatua beseni, akafanya ishara ya msalaba. "Apumzike pema."

Akanywa funda moja.

"Ikoje?"

"Ni kama mtu aliyenyamazishwa miaka mingi," alisema Katarina, "akaruhusiwa kusema."

Aliiweka bilauri mezani. Mgeni akainyanyua, akauzungusha mvinyo, akaunusa macho yakiwa yamefumbwa, akaumaliza bila haraka. Tangu hapo hakumtazama Twaha tena. Katarina alijifunga kanga vizuri, akasema baridi imeingia, akajitwisha beseni lake akaenda zake.

Kungu walipotawanyika kiti kilikuwa kitupu. Twaha alimshukuru Mungu, akachukua birika akanawe. Ndipo alipoziona nyayo za maji. Alitarajia zielekee ziwani. Zilishuka ngazi, zikakata kushoto kufuata njia ya mlimani, ubavuni mwa nyayo za Katarina, hatua kwa hatua.

Angeweza kumwita, alikuwa bado anaonekana. Lakini kumwita kulikuwa ni kumweleza. Alisimama na birika mkononi mpaka adhana ya alasiri, kisha akaingia kusali, na hakumbuki alisoma sura gani.

Jua lilipokaribia kuzama Katarina alikuja dukani. Pindo la kanga yake lilikuwa likidondoka maji.

"Nipe mchele, kaka, na sahani moja ya bati."

"Sahani si unayo?"

"Ninayo ya kwangu."

Twaha aliishusha sahani kutoka rafuni. Katarina aliipokea, akaipangusa kwa kiganja, polepole, kama inavyopanguswa meza ya mtu mkubwa.

"Ungeniambia tu, kaka," alisema. "Ningeonja vilevile."